Babu alipelekwa wapi? Vinasaba, daftari la parokia na stori za kihambani

Desemba ikifika, stendi ya Mkuu hujaa. Watu wanashuka na mabegi kutoka Dar, Arusha na Mombasa, kila mtu anapanda kwao. Jioni, mbege ikishazunguka, lazima mzee mmoja aanze: fulani alimzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani. Sisi vijana tupo pembeni, tunachati. Makala hii ni ya sisi tunaochati.

Tuanzie mbali kidogo. Njaa kuu ya viazi ya 1845–1852 iliua watu wapatao milioni 1 huko Ayalandi, na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama, wengi wao kwa meli kwenda Marekani. Leo vitukuu vyao wanatafuta asili yao. Shida ni kwamba daftari za sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, vita ilipoikuta ofisi ya kumbukumbu. Basi wanaunganisha vipande: daftari za ubatizo za parokia, vipimo vya vinasaba, na jina la kijiji ambalo bibi alikuwa analitaja.

Kilimanjaro nasi tuna wazee waliovuka bahari enzi hizo. Tofauti ni kwamba hawakuvuka wakiwa hai.

Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18. Familia yake inasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Stori hiyo ina mashiko. Miaka hiyo Felix von Luschan alikuwa Berlin anakusanya mafuvu kutoka makoloni, kwa ajili ya "sayansi" ya kupanga binadamu kwa rangi. Mwaka 2011 makusanyo hayo yaliingia mikononi mwa Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Watafiti wake wakachunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, na zaidi ya 200 kati yake yametoka katika Tanzania ya leo.

Septemba 2023 yakaja majibu. Vinasaba vya mafuvu machache vililinganishwa na vya watu walio hai huku kwetu. Fuvu moja lililingana kabisa na mzao wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yalikaribia sana ukoo wa Molelia wa Kibosho. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao.

Sasa, hii inafanyaje kazi? Mwanaume hurithi kromosomu Y kutoka kwa baba, naye baba kutoka kwa babu, karibu bila kubadilika. Kwa hiyo ukoo wa Kichagga, unaofuata upande wa baba, unasafiri pamoja na kromosomu hiyo. Lakini hapo ndipo penye mtego: kaka, baba mdogo na binamu wa upande wa baba wote wanayo ileile. Kipimo kinakuambia "huyu ni wa ukoo huu". Hakikuambii ni nani.

Kilichosaidia kwa Akida ni kwamba fuvu lilikuwa na maandishi, na kulikuwa na familia iliyokumbuka. Bila mtu wa kusema "sisi ni wa kwake", maabara haina wa kumlinganisha naye. Mashine ilikuja mwisho. Kumbukumbu ilitangulia.

Na inapungua. Misheni ya Rombo ilifunguliwa mwaka 1898, hivyo daftari za ubatizo haziwezi kutufikisha nyuma sana. Kabla ya hapo tuna wazee tu, na kihamba ambacho ndani yake wahenga walizikwa. Kila mzee anayeondoka bila kuulizwa ni sensa ya Dublin nyingine inayoungua.

Kwetu mtu kulala mbali na kihamba chake si jambo dogo, na mafuvu mengi bado hayajapata mwenyewe. Kwa hiyo Desemba hii weka simu mezani, ila iwashe irekodi. Uliza majina hadi mzee akwame. Uliza ukoo ulitokea wapi, nani aliondoka asirudi, na bibi zako walitoka koo zipi, maana kromosomu Y haiwajui kabisa.