Kukimbia kwa nguvu kila siku hakujengi pumzi

Wasikilizaji wengi hutuuliza: kwa nini nafanya mazoezi makali kila siku, lakini siku ya mashindano pumzi inakata mapema? Pumzi ni uwezo wa moyo, mapafu, damu na misuli kufikisha oksijeni na kuitumia. Kila aina ya mazoezi hujenga sehemu yake.

Mbio ndefu za polepole. Kimbia ukiwa unaweza kuongea sentensi nzima. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa midogo ya damu huongezeka kwenye misuli. Huu ndio msingi. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwakimbiza hivi hata wanariadha wa mita 800, na mwanafunzi wake Peter Snell akatwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960 huko Roma.

Mbio za kasi ya kati. Kimbia dakika 20 hivi kwa kasi inayokuruhusu kusema maneno machache tu. Mwili huzoea kushikilia kasi bila miguu kuwa mizito mapema.

Mbio za vipindi. Kimbia haraka dakika 3, kisha polepole dakika 3, mara 4 au 5. Zoezi hili huongeza kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia.

Fatileki. Neno hili la Kiswidi lina maana ya mchezo wa kasi. Huko Iten, Kenya, makundi makubwa ya wanariadha hulifanya kwenye barabara za vumbi, wakibadilisha kasi kila baada ya muda mfupi. Huna saa? Tumia nguzo za umeme au miti: kimbia haraka hadi wa kwanza, polepole hadi wa pili.

Sasa panga wiki yako. Mazoezi makali yatoshe siku 2, tena zisifuatane. Siku nyingine kimbia polepole, na siku 1 pumzika kabisa, kwa sababu mwili huimarika wakati wa mapumziko. Anayejikaza kila siku huishia kuchoka au kuumia kabla ya mashindano.

Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na uende kituo cha afya. Pumzi hujengwa kwa wiki na miezi. Haraka haraka haina baraka.