Sehemu Tano za Cron: Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Kushika Saa

Wafanyakazi wa benki wakishafunga milango na kwenda zao nyumbani, seva huwa ndiyo kwanza zinaanza kazi. Nakala rudufu za hifadhidata hutengenezwa usiku wa manane, mafaili ya zamani hufutwa, ripoti za mauzo hutumwa kwa barua pepe kabla meneja hajafika ofisini. Katika mashine nyingi za Unix na Linux, yote hayo huamriwa na mistari mifupi ya namna hii, ambayo mbele yake hufuata amri ya kutekelezwa:

30 2 * * *

Maana yake ni kila siku, saa nane na nusu usiku. Sehemu ni tano, nazo husomwa kuanzia kushoto: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki. Kinyota husimama badala ya "yoyote". Saa huhesabiwa kuanzia 0 hadi 23, na siku mpya huingia saa sita usiku.

Programu inayosoma mistari hiyo huitwa cron, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Asili yake ni Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix mwaka 1969. Katika toleo la saba la Unix, lililotoka mwaka 1979, cron ilikuwa nyepesi mno. Mashine nzima ilikuwa na faili moja tu la ratiba. Kama mlinzi wa zamu, programu iliamka kila dakika, ikatazama ratiba, ikatekeleza lililofika wakati wake, kisha ikalala tena. Amri zote zilitekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, kwa hiyo mtumiaji wa kawaida hakuwa na nafasi ya kuweka ratiba yake.

Kasoro hiyo ilionekana waziwazi katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimboni Indiana. Wataalamu wa hapo walijaribu kuwapa huduma ya cron watumiaji 100 waliokuwa wakishiriki kompyuta moja ya VAX, na mashine ikaelemewa kwa kuamka na kukagua ratiba hata pale ambapo hapakuwa na kazi. Mmoja wao, Robert Brown, alikuwa amesoma makala ya mwaka 1977 ya Franta na Maly kuhusu namna ya kupanga matukio katika programu za kuigiza mifumo. Akaona kwamba tatizo ni lile lile. Badala ya kuuliza kila dakika kama kuna kazi, programu ipange kazi zote kwenye foleni kwa kufuata muda wake, itazame iliyo mbele kabisa, kisha ilale moja kwa moja hadi muda huo ufike. Mwanafunzi aliyejiunga na wataalamu hao, Keith Williamson, alikabidhiwa jaribio hilo aligeuze kuwa huduma kamili, na mwishoni mwa 1979 ikaanza kutumika. Baadaye Williamson alihamia Bell Labs, na fikra ya kila mtumiaji kuwa na ratiba yake ikaenea pamoja na Unix ya kibiashara.

Hatua hiyo inastahili kuenziwa kuliko inavyoenziwa. Bila foleni ile, huenda ratiba ingebaki mali ya msimamizi mkuu peke yake kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1987 Paul Vixie alitoa cron yake, akaisambaza bure pamoja na msimbo wake. Ndiyo iliyokuja kuzagaa kwenye Linux na jamaa zake, na ndiyo iliyowazoesha watu mambo ambayo leo wengi wanadhani yalikuwapo tangu mwanzo: kuandika */15 ili kazi ifanyike kila robo saa, kutaja miezi na siku kwa vifupisho vya Kiingereza, au kuandika @daily tu na kumaliza. Siku ya Jumapili hukubalika ikiandikwa 0 au 7. Kiwango rasmi cha POSIX, ambacho mifumo ya Unix hukifuata, hakina hata huo mkwaju wa */15.

Ufupi huo umeficha mitego, na mitego yenyewe haijaondolewa hadi leo.

Mfano ni fundi anayetaka ujumbe wa kuwakumbusha wateja walipe ada utumwe Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa mbili asubuhi. Anafikiri: Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7. Anaandika 0 8 1-7 * 1 na kuridhika. Lakini kanuni ya cron ni kwamba tarehe na siku ya wiki zikitajwa zote mbili, mojawapo ikitimia inatosha. Wateja watapokea ujumbe kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 7, na kisha kila Jumatatu inayofuata. Dawa yake ni kuacha tarehe peke yake kwenye mstari, halafu amri yenyewe ihakiki kama leo ni Jumatatu.

Mkwaju nao una lake. Anayeandika */7 kwenye dakika hutarajia kazi ifanyike kila baada ya dakika 7. Itafanyika dakika ya 0, 7, 14 na kuendelea hadi 56, kisha saa mpya inaingia na hesabu inarudi sifuri: hapo zimepita dakika 4 tu. Na ankara za mwisho wa mwezi zilizopangiwa tarehe 31 zitatoka miezi 7 kwa mwaka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna hesabu nyingine ya kufanya. Tuseme mhasibu wa Dar es Salaam anataka ripoti iandaliwe saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu. Kwenye saa ya kompyuta hiyo ni 01:00. Seva yake, hata hivyo, imewekwa saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Huko bado ni Jumapili, 22:00, kwa hiyo mstari sahihi ni 0 22 * * 0. Akiandika 0 7 * * 1 kwa kufuata saa anayoitamka, ripoti itatoka saa nne asubuhi, wafanyakazi wakiwa wameshaingia kazini. Akikumbuka kubadili saa lakini akasahau siku, itachelewa siku nzima.

Angalau ukanda huu hausogezi saa mbele na nyuma kwa majira. Marekani, mwezi Machi, saa nane usiku hugeuka saa tisa papo hapo, na kazi iliyopangiwa saa nane na nusu hukosa wakati wake. Novemba saa moja nzima hujirudia. Matoleo ya cron ya Vixie yanayotumika kwenye Linux yamefundishwa kufidia kazi iliyorukwa na kuzuia isirudiwe, ila si kila programu inayosoma sehemu hizi tano hufanya hivyo.

Nazo ni nyingi sasa. Quartz, inayotumiwa na waandishi wa programu za Java, imeongeza sehemu ya sekunde mwanzoni na kuanza wiki na Jumapili kama 1, wakati 1 ya cron ni Jumatatu. Jenkins, inayotumiwa kujenga na kujaribu programu, imeleta herufi H, inayotawanya kazi kwenye dakika tofauti, kwa sababu watu wengi huandika sifuri na mashine hulemewa saa inapogonga. Kubernetes, inayosimamia programu kwenye seva nyingi, ilikubali rasmi kutaja ukanda wa saa ndani ya ratiba mwaka 2023 tu, katika toleo la 1.27.

Ukiandika mstari wako leo, weka juu yake maelezo yanayoanza na alama ya reli, yanayotaja kwa maneno saa, siku na ukanda wa saa uliokusudia. Chagua dakika isiyo sifuri. Usichanganye tarehe na siku ya wiki, na kabla ya kuhifadhi faili andika amri ya date uone seva yenyewe inadhani ni saa ngapi.