Kusali inje ya makanisa makubwa: historia yetu tangu Kitawala mpaka vyumba vya maombi

Kibumba ni mahali pa baridi, pa mawe ya volkano na pa mashamba ya viazi na mashu. Iko katika usultani wa Bukumu, teritwari ya Nyiragongo, kwenye barabara inayotoka Goma kwenda Rutshuru. Ukipita pale siku ya yenga asubuhi, utasikia nyimbo za kila namna: ngoma za Wakatolika, kwaya za Waprotestanti, na katikati yake sauti za watu wanaosali katika nyumba ndogo ya mbao, ao chini ya shitingi, ao katika sebule ya mutu. Hawa wa mwisho tumezoea kuwaita "watu wa chumba". Kuko wanaowaita hata wapotevu.

Katika maandiko haya tunataka kuuliza maulizo mawili. Watu hawa wametoka wapi? Na sisi wenye kusoma, tunapashwa kuwaangalia kwa macho gani? Mara nyingi tunajibu haraka kwamba ni mambo ya juzi, yaliyoletwa na vita na njaa. Lakini mwenye kufungua historia ya inchi yetu ataona kwamba desturi ya kusali inje ya makanisa makubwa imepita miaka mia moja, na sehemu moja ya historia hiyo ilitendeka hapa kwetu Kivu.

1. Kanisa "kubwa" ni nini?

Wengi wanafikiri kanisa ni kubwa juu ya wingi wa watu wake. Hiyo ni kweli nusu tu. Wakati wa koloni, kanisa kubwa lilikuwa lile lenye mapatano na Bula Matari. Mwaka 1906 serikali ya mufalme Leopold II ilifanya mapatano na Vatikani, na misioni za Katolika zikapewa udongo ili zifungue masomo. Misioni za Waprotestanti zilikuwa kazini tangu zamani, lakini masomo yao yalianza kupata feza za serikali kisha vita ya pili ya dunia tu. Basi hata Muprotestanti, ambaye leo tunamuhesabu kati ya wakubwa, alipitia miaka mingi ya kuangaliwa kama mutu wa pembeni. Ukubwa wa kanisa ni jambo la barua, la udongo na la masomo, si jambo la imani peke yake.

2. Simon Kimbangu

Mufano wa kwanza tunaofundisha katika darasa ni Simon Kimbangu. Alikuwa Mubatisti, mwalimu wa dini, muzaliwa wa Nkamba katika Kongo ya Chini. Tangu tarehe 6 Aprili 1921 watu walianza kumiminika kwake, wakisema anaponyesha wagonjwa kwa jina la Yesu. Hospitali zilibaki bila wagonjwa, wafanyakazi waliacha kazi za Wazungu, na serikali ikaogopa. Katika mwezi wa Septemba akashikwa. Tarehe 3 Oktoba 1921 baraza la waaskari likamuhukumu kufa. Mufalme Albert I akageuza azabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akapelekwa mbali kabisa, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikufa kule tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30 ya buloko. Kazi yake ya wazi ilikuwa imedumu miezi michache tu.

Je, kifungo kilimaliza mambo? Hapana. Bibi yake Marie Muilu alilinda waaminifu kwa siri. Serikali ilihamisha wengi kwa nguvu na kuwatupa katika majimbo ya mbali, na kila walipofika, walifika na imani yao. Tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita mbele ya uhuru, kanisa lao likakubaliwa. Mwaka 1969 likaingia katika Baraza la Makanisa ya Ulimwengu. Leo serikali inawaachia Wakimbangu kuongoza masomo, sawa vile inavyowaachia Wakatolika na Waprotestanti, na tangu mwaka 2023 tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika inchi yote. Yule aliyeitwa muasi amekuwa sikukuu. Tukumbuke jambo hilo mbele ya kumutupia mutu jina baya.

3. Kitawala ilipofika kwetu

Mufano wa pili uko karibu nasi zaidi, na kwa bahati mbaya ndio tunaousahau. Kitawala ilizaliwa kutokana na vitabu vya Watch Tower, chama cha Wamarekani. Neno "Tower" likageuka "tawala" katika midomo ya watu, na kwa Kiswahili neno hilo lina maana yake yenyewe. Elliott Kenan Kamwana aliihubiri Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, katika miaka 1908 na 1909. Wafanyakazi wa machimbo wakaipeleka Rhodesia ya Kaskazini, kisha Katanga. Muzungu akasikia hubiri kwamba utawala wa dunia hii unakwisha na kwamba watu wote ni sawa mbele ya Mungu, akaona hatari. Wahubiri wakashikwa na kuhamishwa. Kumbe kuwahamisha ilikuwa ni kuwalipia safari: Kitawala ikaenea kufuata njia za wafungwa.

Ndivyo ilivyofika upande wa Lubutu, Walikale na Masisi. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Serikali ilihitaji kaucho, na siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Mutu wa kijiji alipashwa kuingia katika pori kutafuta kaucho, shamba lake likibaki nyasi. Mwaka 1944, kati ya Wakumu wa Lubutu na Masisi, mutu mumoja aliyeitwa Bushiri aliinuka akihubiri kwamba wakati wa ukombozi umefika. Watu wakamufuata, wakaasi. Waaskari wa Force Publique wakatumwa, na wengi wakafa. Mwaka 1949 serikali ikakataza Watch Tower katika Kongo yote.

Hapa inafaa kutenga mambo mawili. Mashahidi wa Yehova wa leo hawakubali kuitwa Kitawala, na Wakitawala wengi nao hawajihesabu kuwa Mashahidi. Ni njia mbili zilizotoka katika vitabu vile vile. Tena, tusimufanye Bushiri kuwa mutakatifu wala muchawi. Tuseme tu kwamba watu waliokuwa wamechoka na kazi ya lazima walitafuta katika Biblia neno ambalo padri na mumisionari hawakuwaambia. Hilo ni sehemu ya historia ya Kivu, na watoto wetu wanapashwa kuijua sawa vile wanavyojua tarehe ya uhuru.

4. Sheria na mwavuli

Kisha uhuru, inchi huru nayo ikaogopa makanisa madogo. Mwaka 1970 Waprotestanti wote wakakusanywa katika Kanisa moja la Kristo, ECZ. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikaacha nafasi kwa makanisa machache tu yaliyokubaliwa: Katolika, ECZ, Kimbangu na wengine wa kuhesabika. Vikundi vingine vikapigwa marufuku, ao vikaingia chini ya mwavuli wa jumuiya fulani ya ECZ. Ndiyo sababu mpaka leo Goma tunataja makanisa kwa namba, tukisema "ya tatu" kwa CBCA na "ya munane" kwa CEPAC. Namba hizo ni alama ya wakati ambapo kusali bila namba kulikuwa kosa.

Lakini watu hawakuacha kukutana. Walikutana nyumbani, usiku, watu kumi ao kumi na tano, wakaita jambo hilo kikundi cha maombi. Wengine walibaki washiriki wa parokia zao asubuhi na kuingia katika chumba mangaribi. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, vikundi hivi vikatoka kwenye mwangaza. Ndipo tukaanza kusikia jina "makanisa ya uamsho" kila pembe ya muji. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 iliweka tena utaratibu wa kuyaandikisha. Kwa hiyo, chumba cha maombi hakikuanguka kutoka mbinguni mwaka 1990: kilikuwa kimejificha.

5. Kibumba bila paa

Upande wetu, kuko sababu ingine iliyozidisha desturi hii: mara nyingi tumejikuta bila paa. Katika mwezi wa Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakaingia kwa mamia ya maelfu, na Kibumba ikawa kambi kubwa juu ya mawe, mahali pasipokuwa na mayi. Mayi yalipashwa kuletwa na malori. Kolera na kuhara vikashika watu, na katika mwezi wa kwanza tu karibu watu 50.000 walikufa katika kambi za Goma. Mbele ya kifo cha namna hiyo, nani angengoja kiti na kengele? Mwenye Biblia alikuwa muhubiri. Kambi ilivunjwa mwaka 1996 kwa vita.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikapasuka, mayi ya moto yakaingia Goma na kula hata kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu. Siku hizo hata Mukatoliki alisali bila kuta. Kisha vita ikarudi Kibumba katika miaka 2012 na 2013, na tena mwishoni mwa mwaka 2022, wakati wenyeji walipokimbilia Kanyaruchinya. Mutu akikimbia anabeba sufuria, godoro na watoto, parokia haibebeki. Chumba cha maombi kinabebeka. Watu saba wakikaa chini ya shitingi moja, chumba kimekwisha kufunguliwa.

Tena, chumba kinafanya kazi ambazo kanisa kubwa linakawia kufanya. Mujane anajulikana kwa jina lake. Wakati wa kilio, watu wanachanga siku ile ile, sawa na likelemba. Mama asiyejua kusoma anaweza kusimama na kusema neno. Watu hawahami kwa sababu ya mafundisho peke yake. Wanafuata mahali ambapo mutu anauliza habari zao.

6. Mahali penye hatari

Tukiishia hapo, tungekuwa tunadanganya wasomaji wetu. Udogo ambao ni nguvu ya chumba ndio pia hatari yake. Katika kanisa kubwa, mutumishi akikosa, kuko baraza na askofu ao muwakilishi wa kumuuliza. Katika chumba, mara nyingi mwenye nyumba, mwenye Biblia na mwenye sanduku la matoleo ni mutu mumoja. Nani atamuuliza?

Hatari ya kwanza ni ya wagonjwa. Katika epidemia ya Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 2.287 walikufa, karibu wote katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mugonjwa wa kwanza kuonekana Goma, Julai 2019, alikuwa muhubiri aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Hatusemi hivyo ili kumulaumu marehemu. Kuwekea wagonjwa mikono ni desturi ya Wakristo tangu zamani. Tunasema kwamba mukono unaoombea unaweza pia kubeba ugonjwa, na kwamba sala na hospitali hazipashwi kuwa maadui.

Hatari ya pili ni ya watoto. Kuko vyumba ambamo kila msiba unatafutiwa mwenye kosa, na mara nyingi kidole kinaelekea mutoto yatima ao bibi muzee: huyu ndiye muchawi. Kisha mutoto anafungiwa, ananyimwa chakula, anapigwa, ao anafukuzwa nyumbani. Sisi walimu tunaona kiti chake kikibaki kitupu katika darasa. Tujue kwamba Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inaazibu jambo hilo. Muhubiri hawezi kusema ni uhuru wa dini. Uhuru wa dini uko katika Katiba ile ile, na hauondoi kifungu cha 41.

7. Tushike nini?

Historia inatupa mafundisho mawili, na yote mawili tuyashike pamoja. La kwanza: fimbo, buloko na dharau havikuua hata kanisa moja dogo. Vilitawanya mbegu zake. Atakayetaka kufunga vyumba vyote vya Kibumba kwa nguvu atafanya kazi ya Bula Matari, na atavuna alichovuna Bula Matari. La pili: si kila anayeteswa ana haki, na si kila anayeitwa mutumishi anatumikia. Hapo inafaa kupima.

Sisi tunapendekeza vipimo vitatu vyepesi, ambavyo hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kutumia, kwa chumba kidogo na kwa kanisa kubwa vile vile. Mugonjwa anapoombewa, anaachwa pia kwenda hospitali? Mutoto akiingia pale, anatoka salama? Matoleo yanapohesabiwa, wanahesabu watu wangapi? Penye majibu mazuri, tuwaite ndugu, hata kama hawana kengele wala namba. Penye majibu mabaya, tuseme waziwazi, mbele ya shefu na mbele ya sheria, hata kama mwenye kosa amevaa kanzu nzuri.

Na kazi moja inabaki kwa chama chetu. Wazee wa Masisi na Walikale waliosikia habari za mwaka 1944 katika midomo ya baba zao wanazidi kupungua. Vilevile wale walioanzisha vikundi vya maombi kwa siri mbele ya mwaka 1990. Wanafunzi wetu wana daftari na kalamu. Tuwatume wakawaulize wazee hao, waandike majina, mahali na nyimbo, wakati wenye kujibu wangali hai.