Itifaki ya Aloha na kinyang'anyiro cha masafa ya redio

ALOHA ni itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, inayoruhusu mitambo mingi kutumia masafa mamoja ya redio bila msimamizi wa kugawa zamu. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani, na watafiti walioongozwa na Profesa Norman Abramson, na ikaanza kutumika Juni 1971.

Kanuni yake ni nyepesi. Mtambo wenye ujumbe huutuma papo hapo. Ukifika salama, kituo kikuu hurudisha thibitisho. Lakini fahali wawili hawakai zizi moja: jumbe mbili zikikutana hewani, zote huharibika. Mtambo uliokosa thibitisho husubiri kwa muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena.

Uhuru huo una gharama. Abramson alionyesha kwamba hata hali inapokuwa bora kabisa, ni takriban asilimia 18.4 tu ya muda wa masafa hayo inayobeba jumbe salama. Mnamo 1972, Lawrence Roberts alipendekeza muda ugawanywe katika vipande sawa, na kila mtambo uanze kutuma mwanzoni mwa kipande pekee. Muda ambao ujumbe unaweza kugongwa ulipungua kwa nusu, na kiwango hicho kikapanda maradufu hadi asilimia 36.8.

Hata hivyo, tatizo zito zaidi ni uthabiti. Migongano ikizidi, jumbe za kurudiwa huongezeka. Hizo nazo huzaa migongano mipya, hadi masafa yanajaa kelele na karibu hakuna ujumbe unaopita. Robert Metcalfe alilichambua suala hili katika tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1973. Dawa yake ni subira: kadiri migongano inavyozidi, ndivyo mitambo inavyopaswa kupunguza kasi ya kujaribu. Wi-Fi hufuata mkondo huo. Kifaa husikiliza kwanza iwapo njia iko wazi, na kila kinaposhindwa huongeza maradufu upeo wa muda wa kusubiri, hadi kikomo kilichowekwa.

Simu za mkononi za mfumo wa GSM, zilizoenea nchini Kenya na kwingineko, nazo hutumia Aloha ya vipande zinapoomba nafasi kwenye mlingoti. Ndiposa wakati wa mkasa, maelfu wanapopiga simu kwa pamoja, kila anayebonyeza tena na tena huwazidishia wengine msongamano, wakiwemo majeruhi na waokoaji.

Kwa sababu hiyo, mfumo huo umewagawa wateja wa kawaida katika makundi 10 ambayo mtandao unaweza kuyazuia kwa muda, huku makundi maalumu, yakiwemo ya maafisa wa usalama na wa huduma za dharura, yakiachiwa njia. Aliyezuiwa huona mtandao umemnyima haki. Bila kizuizi hicho, huenda asingesikika mtu yeyote.