Beni, Mbeni na Kalela: Bendi za Mzaha katika Njia ya Tunduma

Katika maandishi mengi ya zamani juu ya ngoma za Afrika ya Mashariki, habari ya beni huelezwa kwa neno moja tu: kuiga. Yasemekana kuwa Waafrika waliziona bendi za kijeshi za Wazungu, wakapendezwa nazo, wakaziiga. Nia ya makala haya ni kuonyesha kuwa neno hilo halitoshi, na ya kuwa Kiswahili chenyewe kinatupa neno lililo bora kuliko hilo, nalo ni kuigiza. Tofauti ya maneno haya mawili ni ya kiambishi tu, lakini tofauti ya maana ni kubwa. Aigaye hutaka kufanana na mwingine. Aigizaye ajua kuwa yeye si yule, na watazamaji wajua hivyo pia. Na katika pengo lililoko baina ya hao wawili ndimo kicheko kinamozaliwa.

Ili kulipima jambo hili tutaifuata beni toka pwani, ilikoanza, hata mpaka wa kusini-magharibi, yaani nchi ya Wanyamwanga na Wanyiha ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Sababu ya kuichagua njia hiyo ni kuwa ngoma ilipovuka mpaka huu ilibadili jina, na hatimaye ikabadili hata mtu wa kuchekwa. Mabadiliko hayo yameacha alama katika maneno, na maneno ndiyo ushahidi wetu.

Asili ya beni

Beni ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Wenyeji wa miji hiyo walikuwa tangu zamani na ngoma za mashindano, ambamo mtaa hushindana na mtaa kwa nyimbo, mavazi na karamu. Jambo jipya lilikuwa umbo la bendi: tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, sare na vyeo. Bendi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuonekana pwani, kama ile ya makazi ya watumwa walioachwa huru huko Freretown, karibu na Mombasa, ambayo wamisionari waliyaanzisha mwaka 1875. Mashindano yalikuwa ya kale. Bendi ilikuwa vazi jipya lililovikwa mwili uliokuwapo.

Kutoka huko beni ilishuka hadi Tanga na Dar es Salaam, na huko vikazuka vyama viwili vilivyokuja kuwa na sifa kuliko vyote, Marini na Arinoti. Marini, ambao jina lao latokana na askari wa majini, walijihesabu kuwa watu wa mjini, wenye elimu na kazi za ofisini. Arinoti walikuwa zaidi watu wa bara na wafanyakazi wa hali ya chini. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Siku ya mashindano kila upande uliuimbia mwingine nyimbo za kejeli, ukataja ubahili wake, uchakavu wa nguo zake na ushamba wa wakubwa wake. Lakini vyama hivyo havikuwa vya mchezo tu. Mwanachama akiugua alitazamwa, na akifa alizikwa kwa heshima. Mtu aliyekuwa mpagazi siku sita za juma alikuwa jenerali siku ya saba, na wenzake wakampigia saluti kwa uso uliokazwa. Hapo ndipo utani ulipokaa: saluti ilikuwa ya kweli, na jeshi halikuwapo.

Vita na njia ya bara

Vita ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyoichukua beni ikaipeleka bara. Askari na wapagazi wa pande zote mbili, wa Wajerumani na wa Keya, jina ambalo Waswahili walilitengeneza kutokana na herufi tatu za jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, walikaa pamoja kambini miezi mingi. Walikuwa watu wa makabila mengi, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha walizosikilizana. Jioni walicheza ngoma waliyoijua wote, na ngoma hiyo ilikuwa picha ya kambi yenyewe.

Nchi ya Tunduma ilikuwa mpakani mwa vita hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Upande wa pili, katika Rhodesia ya Kaskazini, palikuwa na boma la Waingereza la Fife, na karibu yake misheni ya Mwenzo. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka mpaka katika sehemu hii, likalishambulia Fife bila kuliteka, likaendelea hadi Kasama. Tarehe 25 Novemba likaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, likiwa na askari Waafrika wapatao 1,100 pamoja na wapagazi wengi. Vita ilikwisha, lakini watu walioizoea njia hawakuisahau. Katika miaka iliyofuata vijana wa Mbozi na wa nchi ya Wanyamwanga waliishika njia hiyo tena, safari hii wakienda kutafuta kazi katika migodi ya shaba.

Serikali haikuiangalia beni kwa kicheko. Mwaka 1919 maafisa wa upelelezi wa Waingereza waliichunguza, wakihofu kuwa vyama vyenye matawi katika miji mingi na vyeo vya kijeshi vyaweza kuficha siasa. Wamisionari wengi nao waliipinga kwa sababu zao. Hofu hiyo yastahili kufikiriwa. Kama beni ingalikuwa kuiga tu, hapana mtawala angaliiogopa. Nani amwogopaye mtu atakaye kufanana naye? Mtawala huingiwa na wasiwasi aonapo mwendo wake mwenyewe unachezwa mbele yake na watu wanaojizuia wasicheke.

Ushahidi wa neno

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kilipolipokea neno la Kiingereza kwa bendi ya muziki, kilitia irabu mwishoni na kulipa umbo la beni, kikaliweka katika ngeli ya tisa bila kulivika kiambishi chochote. Ndivyo kilivyofanya kwa maneno mengi ya kigeni, kama benki na barua, ambayo yanafuata upatanisho wa ngeli hiyo lakini hayachukui nazali yake mwanzoni. Lilipovuka mpaka likafika katika nchi ya Wabemba na jirani zao, neno likawa Mbeni.

Nazali hiyo si kosa la sikio. Katika Kibemba sauti b ikisimama peke yake hutamkwa kwa ulaini, midomo ikikaribiana bila kufungwa kabisa. Huwa ngumu, kama b ya Kiswahili, pale tu inapotanguliwa na m. Basi msemaji wa Kibemba aliyetaka kulihifadhi neno kama alivyolisikia kwa askari alihitaji nazali mbele yake, na ngeli ya tisa ya lugha yake ilikuwa nayo tayari. Kwa tendo moja alihifadhi sauti ya mgeni na kulipa neno uraia kamili. Sisi twaona katika herufi hiyo moja jambo lile lile tulilolisema juu ya ngoma: kitu cha kigeni hakikupokelewa kama kilivyokuja, kilipangwa upya kwa sheria za nyumbani.

Katika nchi ya Nyasa ngoma hii ilizaa majina mengine. Kwa Wayao jina la beni lilibaki. Katika sehemu nyingine ilikuja kuitwa mganda, na jina hilo lipo pia upande wa Tanzania kwa Wanyasa. Kaskazini mwa Malawi, kwa Watonga na Watumbuka, iliitwa malipenga, yaani matarumbeta, kwa ajili ya ala zilizotengenezwa kwa vibuyu badala ya shaba. Mchezaji asiyeweza kununua tarumbeta aliiotesha shambani. Na kikundi cha malipenga huitwa boma, jina lile lile la makao ya mkuu wa wilaya. Hakuna ubishi kuwa aliyekipa kikundi jina hilo alikuwa akicheka.

Kutoka Mbeni hadi Kalela

Katika migodi ya shaba Mbeni ilipata kujulikana sana kwa tukio lisilo la mzaha. Mwezi wa Mei 1935, kodi ya wafanyakazi wa eneo la migodi ilipopandishwa kutoka shilingi 12 na nusu hadi shilingi 15, mgomo ulianza Mufulira, ukaenea Nkana na Luanshya. Huko Luanshya, tarehe 29 Mei, polisi waliwapiga risasi wafanyakazi na kuwaua 6. Tume ya serikali iliyochunguza ghasia hizo iliuliza habari za Mbeni pia, maana chama chenye matawi, viongozi na njia za kupelekeana habari kilidhaniwa kuwa kimesaidia kuueneza mgomo. Cheo cha mchezo kilikuwa kimeonekana kuwa chaweza kufanya kazi ya cheo cha kweli.

Baada ya muda ngoma nyingine ya ukoo huo ilitawala siku za mapumziko katika migodi, nayo ni Kalela. Tunaijua vizuri kwa sababu J. Clyde Mitchell wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone aliiandikia kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1956, baada ya kukitazama kikundi cha Wabisa huko Luanshya. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi vizuri, na viatu vilivyong'arishwa. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Alikuwapo mfalme aliyevaa suti. Alikuwapo daktari mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu. Alikuwapo pia muuguzi, mwanamke pekee katika kikundi, aliyepita akiwaonyesha wachezaji kioo na kuwapa kitambaa wajifute jasho, wasije wakaharibika umaridadi.

Lakini nyimbo za Kalela hazikumhusu daktari wala mfalme. Ziliwacheka watu wa makabila mengine walioishi katika nyumba zile zile za kampuni: lugha zao, desturi zao, tabia zao. Mitchell aliliona hili kuwa fumbo, na jibu lake lilikuwa kwamba katika mji wa wageni watupu kabila lilikuwa njia ya haraka ya kumjua mtu asiyejulikana, na utani njia ya kuishi naye bila kugombana. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Neno utani lilikuwa limekwisha kuingia katika maandishi ya wataalamu tangu R. E. Moreau alipoeleza habari zake katika Tanganyika mwaka 1941, na kila mtu wa kwetu ajua kuwa mtani hutukana msibani na hakuna amkasirikiaye.

Kwa maoni yangu mabadiliko ya shabaha na mabadiliko ya lugha huenda pamoja. Beni ya pwani na ya kambini ilizungumza lugha ya kuunganisha watu wengi, na shabaha yake ilikuwa cheo: nani ni jenerali, nani ni mshamba. Kalela iliimbwa Kibemba cha mjini, na shabaha yake ilikuwa jirani. Vazi la Mzungu lilibaki, lakini halikuwa tena kitu cha kuchekesha peke yake; lilikuwa nguo nzuri ya mtu anayeheshimika, inayompa ruhusa ya kumcheka mwenzake.

Mfano wa Uingereza

Yafaa kuongeza mfano wa mbali, kwa sababu wako wadhanio kuwa bendi ya mzaha ni jambo la vijana wa Ulaya walilotufundisha karne iliyopita. Neno panki limeingia katika Kiswahili cha mjini kwa maana ya mkato wa nywele, lakini kwao lilikuwa kwanza muziki. Katika miaka ya 1976 na 1977 vijana wa Uingereza waliufanya ukali na uchakavu kuwa sare, na wimbo wa Sex Pistols uliomdhihaki malkia katika mwaka wa jubilei yake, 1977, ulikataliwa na BBC. Wengine walichukua njia ya kicheko. Kundi la Toy Dolls, lililoanzishwa Sunderland mwaka 1979, liliuchukua wimbo wa watoto juu ya tembo, likaupiga kwa kasi ya panki, na mwaka 1984 wimbo huo ukafika nafasi ya nne katika orodha ya Uingereza.

Hakuna awaambiaye vijana hao kuwa walimwiga tembo, wala kuwa walimwiga malkia. Husemwa kuwa walidhihaki, walichekesha, walipinga. Kijana wa Mombasa au wa Luanshya aliyejiita mfalme miongo mingi kabla yao alifanya jambo la jamaa moja na lao, katika hali ya hatari zaidi, maana mfalme aliyemwigiza alikuwa na polisi karibu. Kumpa yeye neno kuiga na kuwapa wale neno dhihaka si uchaguzi wa kitaaluma.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Kwanza, beni ilijengwa juu ya mashindano ya kale ya pwani, na bendi ilikuwa umbo lake jipya. Pili, jina lake lilipovuka mpaka lilipokelewa kwa sheria za lugha za huko, kama ngoma yenyewe ilivyopokelewa. Tatu, kicheko chake kilibadili shabaha, kutoka kwa mwenye cheo hadi kwa jirani, kadiri watu wa njia hii walivyotoka kambini wakaingia migodini.

Historia ya fasihi yetu imeziheshimu tenzi zilizoandikwa na kuzipita nyimbo za beni, kwa kuwa lugha yao ilichanganya Kiingereza, Kiswahili na maneno ya bara, na kuonekana si safi. Mchanganyiko huo ndio hasa unaozipa thamani, kwani waonyesha watu wakizitumia lugha zote walizokuwa nazo kupanga upya ulimwengu waliowekwa ndani yake. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupita Tunduma katika njia ile ile ya wapagazi na wachimbaji. Wajukuu wa waliokwenda migodini wako Tunduma, Vwawa na Mbozi, na masimulizi ya babu zao hayajafa yote. Kazi ya kuyakusanya yaweza kufanywa na mwanafunzi mmoja mwenye kinasa sauti na subira, akiyajua maneno ya kuulizia. Mcheza kwao hutunzwa. Na hawa walicheza mbali na kwao, tena kwa miaka mingi, wakaachwa bila tuzo. Tuzo iliyobaki katika uwezo wetu ni kuwaandika kwa neno lao la haki: waliigiza.