Unataka Kadi ya Grafiki? Wewe wa Burat, Cheki Hizi Vitu 6 Kabla Utume Doo Luthuli

Umeona kadi ya grafiki kwa simu, bei iko poa, na jamaa wa duka Luthuli Avenue amekushow hiyo inaingia kwa mashine yoyote. Ngoja kwanza. Hakuna kadi inaingia kwa mashine yoyote.

Mtu wa Nairobi akibeba kadi isiyoingia, kesho yake anairudisha dukani. Wewe uko Burat. Mzigo unapanda mat hadi Isiolo town, zaidi ya kilomita 250, halafu boda hadi kwenu. Ikikataa, unalipia hiyo njia yote tena kuirudisha, na hiyo ni kama duka litakubali. Hapo ndio mtu anauza mbuzi kununua kadi, halafu anatafuta mwingine wa kulipia usafiri.

Kwa hivyo wachana kwanza na swali la kadi gani ndio kali. Swali ni moja: mashine yako inaweza kubeba gani? Anza na mashine, kadi itajichagua.

1. Jua mashine yako kwa jina kamili

Wasee wengi wako na zile kompyuta za ofisi za ex-UK: Dell OptiPlex, HP Compaq Elite, HP EliteDesk. Ni mashine fiti, lakini zilitengenezwa kwa kazi ya ofisi, si gemu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, ingia. Utaona modeli, prosesa, RAM, na kama BIOS iko kwa UEFI ama Legacy. Piga picha hiyo skrini, utaihitaji.

Pia angalia saizi ya kasha. Kuna tower, ile kubwa inasimama. Kuna SFF, ile nyembamba hulazwa chini ya monita. Halafu kuna zile ndogo kama kitabu. Kama yako ni ya kitabu, haina sloti ya kadi, risto imeisha hapo. Laptop nayo, karibu zote kadi imechomelewa ndani, huwezi badilisha.

2. Nafasi: toa rula

Fungua kasha ukiwa umetoa waya ya stima. Tafuta sloti ndefu kwa madabodi, inaitwa PCIe x16. Hapo ndio kadi hukaa. Kadi ya PCIe mpya huingia kwa sloti ya PCIe ya zamani bila shida, kwa hivyo namba ya vasheni isikutishe sana.

Kinachoumiza ni urefu. Kibati cha nyuma cha kadi ya kawaida ni karibu sentimita 12. Kasha la SFF linataka kadi fupi yenye kibati cha karibu sentimita 8. Kadi ya kawaida haiwezi kufunga kwa SFF hata ukiomba. Pima pia kutoka ukuta wa nyuma hadi kitu cha kwanza kinachozuia mbele, mara nyingi ni diski ama waya. Halafu cheki unene: kadi nyingi hula nafasi ya sloti mbili.

3. Stima: hapa ndio watu huungua

Sloti ya PCIe x16 inatoa hadi wati 75. Kadi ikitaka zaidi ya hapo, lazima iwe na waya yake kutoka kwa pawasaplai: ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza 150. Mashine nyingi za ofisi hazina hizo waya kabisa.

Soma stika ya pawasaplai. OptiPlex 7010 ya SFF iko na wati 240. EliteDesk 800 G1 ya SFF, 240 pia. OptiPlex 9020 ya tower, 290. Sasa piga hesabu. Prosesa i5-4570 ni wati 84. Weka kama 40 za diski, RAM, feni na madabodi. Ukiongeza GTX 1050 Ti ya wati 75, jumla ni 199. Kwa pawasaplai ya 240, hiyo inakaa na inabaki na pumzi. Ukiweka GTX 1060 ya wati 120, jumla ni 244. Ushapita, na bado hata waya ya pini 6 huna.

Fundi atakushow kuna adapta ya kutoa stima kwa waya ya diski ya SATA. Kataa. Plagi ya SATA inabeba wati 54 pekee kwa laini ya volti 12, na pini 6 inaweza kuvuta 75. Hiyo plagi huyeyuka. Kubadilisha pawasaplai nayo si rahisi vile watu husema, ju Dell na HP nyingi zinatumia plagi zao za kipekee. Na cheki manual ya mashine yako: SFF zingine zinaruhusu chini ya wati 75 kwa sloti.

Kama mangoto mnatumia sola, ongeza hesabu nyingine. Mashine ikivuta wati 200 kwa masaa 3, hiyo ni wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 inabeba 1,200, na haifai kushuka chini ya nusu. Gemu la masaa 3 limeimaliza, na mathe bado anataka taa.

4. Prosesa na RAM: usinunue dawa ya ugonjwa mwingine

Washa gemu, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uone Task Manager. Kama prosesa iko 100% na grafiki inapumzika, kadi mpya haitakusaidia. Kama RAM ndio imejaa, ongeza RAM. Hata kama unatumia grafiki ya ndani ya Intel, kuwa na RAM mbili zinazofanana badala ya moja kunaisaidia, ju hiyo grafiki inakopa RAM ya mashine.

Linganisha pia na gemu lenyewe. GTA V ya kwanza ya PC inapendekeza i5-3470 na GTX 660, kwa hivyo mashine ya ofisi na kadi ndogo inatosha. EA Sports FC 25 inaanza na i5-6600K na GTX 1050 Ti. Ukiwa na i5 ya kizazi cha tatu, ushakuwa chini ya mstari hata kadi iwe gani.

5. Monita na draiva

Monita yako ni ya VGA, ile plagi ya bluu? Kadi za GTX 10 kuja juu hazitoi VGA tena. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA kabisa, usingoje kadi ifike ndio ushtuke. Na waya ya monita inachomekwa kwa kadi, si kwa madabodi.

Kama BIOS ni ya zamani na iko Legacy pekee, kadi mpya zinaweza kukuachia skrini nyeusi. Intel Arc zinataka Resizable BAR, kitu mashine hizi za zamani hazina. RX 6400 inatumia laini 4 pekee, kwa hivyo kwa sloti ya PCIe 3.0 inapoteza nguvu.

Na jua hii: Windows 10 ilifika mwisho wa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. GT 1030 na GTX 1050 Ti nazo zinapata draiva za usalama tu hadi Oktoba 2028. Bado zinacheza, lakini usizilipie bei ya kitu kipya.

6. Feki ziko

Kuna kadi za zamani kama GTS 450 zimebadilishwa BIOS zijiite GTX 1050 Ti. Programu ya bure inaitwa GPU-Z huzishika na kuandika FAKE kwa jina. GT 1030 nayo iko mbili: ya GDDR5 na ya DDR4. Jina ni moja, lakini ya DDR4 ni polepole ile mbaya.

Tuma hii meseji kabla utume doo

"Niaje boss. Niko na OptiPlex 7010 SFF, i5-3470, pawasaplai ya wati 240, haina waya ya pini 6. Nataka kadi fupi ya wati 75 kushuka chini. Nitumie video ikiwa imewashwa, GPU-Z ikionekana na gemu likicheza dakika 10. Kibati kifupi kiko kwa boksi? Ikikataa, unarudisha doo ndani ya siku ngapi, na nani analipa usafiri?"

Badilisha modeli iwe yako. Duka likikwepa swali la video ama la kurudisha, tafuta lingine, Luthuli haina duka moja.

Mzigo ukifika, rekodi video ukifungua, ichomeke, na uijaribu siku hiyo hiyo kabla siku za kurudisha ziishe. Halafu inua mashine kutoka sakafuni na upulize vumbi kila mwezi. Jua na vumbi la Burat si mchezo, na feni ikiziba, kadi inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hapo utalia gemu linakwama, na kumbe shida ni vumbi tu.