Mizinga juu ya Theluji

Kati ya Uswisi na Italia kuna kipito cha mlima kiitwacho Grand-Saint-Bernard. Kimo chake ni metri 2,469, na theluji hukaa huko miezi mingi ya mwaka. Warumi wa kale walipita hapo. Kwenye mwaka 1050 hivi, Mtakatifu Bernardo, padri wa Aosta, alijenga huko juu nyumba ya kuwapokea wasafiri. Watawa wake wangali huko hata leo.

Basi, mwezi wa Mei 1800, Napoleon alitaka kuingia Italia nyuma ya majeshi ya Austria, yaliyokuwa yakiuzingira mji wa Genova. Waaustria hawakumtazamia upande ule. Nani angepitisha mizinga katika theluji? Lakini askari wapata 40,000 walipita. Magari ya mizinga yalifunguliwa vipande vipande, yakachukuliwa na nyumbu na watu. Mizinga yenyewe ililazwa ndani ya magogo yaliyochimbwa kama mitumbwi, ikakokotwa kwa kamba. Mzinga mmoja, watu mia. Askari walivuta, na wanakijiji wa Bourg-Saint-Pierre walivuta pamoja nao. Juu, watawa waliwagawia mkate, jibini na divai.

Napoleon mwenyewe alipanda tarehe 20 Mei juu ya nyumbu, akiongozwa na mwenyeji mmoja. Mchoraji David alimweka juu ya farasi mkali anayesimama kwa miguu ya nyuma. Wachoraji wana ruhusa zao!

Upande wa Italia, ngome ndogo ya Bard ilizuia jeshi zima. Ikabidi mizinga ipitishwe usiku, magurudumu yamefungwa majani makavu yasilie. Tarehe 14 Juni Waaustria walishindwa huko Marengo. Jenerali Desaix, aliyeokoa vita siku ile, aliuawa. Kaburi lake limo katika kanisa la watawa, pale pale juu.

Na wale wanakijiji? Miti yao ilikatwa, vyungu vyao na nyumbu wao walichukuliwa. Napoleon aliwaandikia barua kwamba watalipwa. Sisi ambao babu zetu walichukua mizigo ya vita vya 1914–1918 twajua ahadi za namna hiyo. Watu wa Bourg-Saint-Pierre waliitunza barua, wakadai, watoto wakadai, wajukuu wakadai. Mwaka 1984 Rais Mitterrand wa Ufaransa aliwapa zawadi ya ukumbusho. Fedha zenyewe hazikulipwa zote.